Bwawa la nyumbani kurudia ukijani: maswali tunayoulizwa kila siku Arusha na Moshi

Simu nyingi za kazi huniingia kwa picha. Mtu anatuma picha ya bwawa la kijani kwenye WhatsApp, na chini ameandika maneno mawili: "Fundi, tena." Hilo "tena" ndilo limenifanya nikae niandike haya. Kuondoa mwani mara moja hakumshindi mtu mwenye ndoo ya klorini. Kazi ni kuuzuia usirudi.

Nikitaja klorini 3 au 5, nina maana ya miligramu kwa kila lita ya maji. Mifano yote ni ya bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. La kwako likiwa nusu ya hapo, gawa dawa kwa mbili.

Nilitia dawa, maji yakang'aa, wiki mbili baadaye kijani kimerudi. Kimetoka wapi?

Hakijatoka popote, kilikuwemo. Mwani ni viumbe vidogo mno. Mpaka jicho lione rangi, tayari vimeshakuwa mamilioni. Ukimwaga dawa nyingi siku moja, ule unaoelea hufa, maji yanakuwa meupe pe, na wewe unaweka ndoo stoo. Lakini uliobanana nyuma ya ngazi, kwenye tundu la taa, katikati ya vigae na ndani ya mchanga wa filta haukufikiwa. Klorini ikishaisha, unaanza upya, na safari hii hauna mshindani.

Kwa hiyo rangi ya maji usiiamini peke yake. Mimi husema kazi imeisha pale mambo matatu yanapokutana: sakafu ya upande wenye kina inaonekana waziwazi, klorini iliyochoka (ile iliyokwisha kushikana na uchafu) haizidi 0.5, na klorini haipungui zaidi ya 1 kwa usiku mmoja. Wateja wengi huishia kwenye la kwanza.

Hicho kipimo cha usiku kinafanywaje?

Jua likishazama, kama saa moja jioni, zamisha mkono hadi kwenye kiwiko uchote maji huko chini, si ya juu juu. Pima klorini, andika. Usitie kitu tena. Alfajiri, kabla jua halijagusa maji, rudi mahali pale pale, pima tena.

Usiku hakuna jua la kuila klorini. Ikipungua, imeliwa na kitu kilichomo majini. Ikishuka kutoka 6 hadi 5.5, kunywa chai yako kwa amani. Ikishuka kutoka 6 hadi 3, mwani upo, hata kama maji yanakuonyesha sura yako. Niliwahi kumkatalia mama mmoja wa Njiro asisimamishe dawa kwa sababu hiyo hiyo. Maji yalikuwa safi kabisa, ila kila usiku yalikuwa yanameza klorini 2 na zaidi. Siku ya nne tukafungua kioo cha taa, na nyuma yake kulikuwa na utando wa kijani mzito kama mlenda.

Kipimo kinaonyesha klorini ipo. Mbona maji bado ya kijani?

Hapa ndipo penye chanzo cha matatizo mengi ninayoyaona, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Vile vidonge vikubwa vyeupe vya gramu 200 si klorini tupu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni asidi ya sayanuriki, ambayo mafundi tunaiita stebilaiza. Kazi yake ni nzuri: inaishikilia klorini ili jua lisiiteketeze. Bila hiyo, klorini uliyotia asubuhi inaweza kuwa imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Na jua la kwetu si la mchezo. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na Ikweta, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi iko chini zaidi lakini ina joto zaidi, kwa hiyo usijione umepona.

Shida ni kwamba klorini inatumika na kwisha, stebilaiza inabaki. Maji yakikauka kwa jua, yenyewe haiondoki. Kila kidonge kimoja katika bwawa letu la mfano kinaongeza stebilaiza kama 2.3 (nayo ni miligramu kwa lita). Vidonge vitatu kwa wiki ni karibu 7. Piga hesabu ya miezi minne: umepita 100.

Na stebilaiza inavyozidi, ndivyo inavyoibana klorini isifanye kazi. Kanuni ninayoitumia ni kwamba klorini isishuke chini ya asilimia 7.5 ya stebilaiza. Stebilaiza ikiwa 40, klorini 3 inatosha kuzuia mwani. Ikiwa 100, unahitaji 7.5. Sasa wewe umeambiwa dukani "weka 2 mpaka 3", unapima, unaona 3, unaridhika, na bwawa linageuka kijani mbele ya macho yako. Kipimo hakidanganyi. Klorini ipo kweli, ila imefungwa kamba.

Basi niache vidonge kabisa?

Usiviache, vipunguze. Vinafaa ukisafiri siku chache. Kwa matumizi ya kila siku mimi napendelea klorini ya unga (kalsiamu hipokloriti, ile ya asilimia 65 hadi 70), kwa sababu haina stebilaiza. Weka stebilaiza mwenyewe mara moja, ifike 30 hadi 50, halafu endelea na unga. Unga nao huongeza kalsiamu, na baada ya muda mrefu unaweza kuleta gamba jeupe kwenye vigae, lakini gamba linasuguliwa.

Stebilaiza ikishapita 100 naitoaje?

Kwa kumwaga maji. Hakuna njia nyingine ya uhakika, na anayekuuzia chupa ya kuiondoa mwache apite. Kutoka 120 hadi 40 lazima ubadilishe theluthi mbili ya maji, yaani lita 32,000. Ndiyo, inauma, hasa kama maji unaletewa na boza.

Jambo moja la kuangalia: usikaushe bwawa lote wakati wa masika. Ardhi ikishiba maji, inalisukuma bwawa tupu kutoka chini, na linaweza kupasuka au kunyanyuka. Subiri kiangazi, na hata hapo mwaga kwa awamu.

Nitie dawa kiasi gani kwa siku, na saa ngapi?

Jioni. Ukitia saa sita mchana unalilisha jua. Bwawa la wazi hapa kwetu hutumia klorini kama 2 hadi 4 kwa siku. Kwa lita 48,000, kurudisha 2 unahitaji gramu 150 hivi za unga wa asilimia 65. Yeyusha kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha zungusha pembeni pampu ikiwa inafanya kazi. Juni hadi Agosti maji yanapokuwa ya baridi, utaona matumizi yanashuka yenyewe, na kipimo kitakuambia upunguze.

Dozi ndogo ya kila jioni inashinda ndoo nzima ya kila mwisho wa mwezi. Watu hawalipendi jibu hili kwa sababu linataka mtu awepo.

Ninunue kipimo gani?

Kile cha matone ambacho maji hugeuka njano kinapima klorini yote kwa jumla, nzima na iliyochoka. Unaweza kuona njano nzuri huku klorini inayofanya kazi ni kama haipo. Tafuta kinachogeuka waridi, hicho kinazitenganisha. Vijiti vya karatasi vinafaa kwa haraka haraka tu.

Kuna mtego mmoja umewatia watu wengi hasara. Klorini ikiwa juu sana, dawa ya waridi hupaushwa na maji yanabaki bila rangi. Mtu anaona sifuri, anatia tena, anaona sifuri, anatia tena. Kama umetia dawa nyingi na kipimo kinaonyesha hakuna kitu, changanya maji ya bwawa na maji safi ya kunywa yasiyo na klorini, nusu kwa nusu, upime upya. Rangi ikitokea, zidisha kwa mbili.

Stebilaiza inapimwa kwa kichupa kirefu chenye kitone cheusi chini. Unamimina maji yaliyochanganywa na dawa yake, yanakuwa kama maziwa, unaendelea mpaka kitone kisionekane, kisha unasoma namba. Fanya hivyo nje, jua likiwa mgongoni kwako. Ndani ya stoo yenye giza utapata namba ya uongo.

Jirani kaniambia nitie mrututu kidogo, ule wa kahawa.

Namjua huyo jirani, yuko kila mtaa. Mrututu ni salfeti ya shaba, na kweli shaba inaua mwani, kama inavyoua ukungu kwenye kahawa. Lakini shaba haiishi majini kama klorini. Inarundikana, halafu inatua kwenye plasta kama madoa ya kibluu au kijivu, na watu wenye nywele nyeupe au za rangi nyepesi wanatoka na nywele za kijani. Nimekuta bwawa Ilboru maji yake ni kijani lakini unaona sarafu sakafuni. Huo haukuwa mwani, ilikuwa shaba. Mwenyewe alikuwa anazidi kuongeza mrututu kupambana na rangi ya mrututu.

Na shabu?

Shabu haiui mwani. Inaukusanya na kuuzamisha chini, ukaufyonze na kuumwaga nje moja kwa moja, bila kupita kwenye filta. Najua kwa sababu niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilitia shabu na kuacha pampu ikizungusha kupitia mchanga. Asubuhi nilipofungua filta, mchanga ulikuwa umeshikana kama ugali uliolala. Nilinunua mchanga mpya kwa fedha yangu, na mteja hakuniita tena.

Bwawa ni kijani sasa hivi. Nianzie wapi?

Kwanza, hakuna mtu kuogelea mpaka sakafu ionekane, mtoto hasa. Mtu akizama kwenye maji ya kijani humuoni.

Toa majani yote kwa wavu. Pima stebilaiza kabla ya kununua dawa. Shusha pH (kipimo cha uasidi wa maji) ifike 7.2 hivi, maana klorini ikishakuwa juu, kipimo cha pH hakiaminiki. Kisha pandisha klorini hadi asilimia 40 ya stebilaiza. Stebilaiza ikiwa 40, lengo ni 16, na kwa bwawa letu hiyo ni karibu kilo 1.2 ya unga wa asilimia 65. Sugua kuta na sakafu kila siku, kona, ngazi, chini ya ukingo wa vigae. Pima mara mbili au tatu kwa siku na kurudisha klorini kwenye 16 kila inaposhuka. Pampu isizimwe.

Siku ya pili maji huwa ya kijivu kama maji ya kuoshea mchele. Usiogope, ni mwani uliokufa, filta itaumaliza. Kazi hii huchukua siku tatu hadi wiki, na wanaoshindwa wengi huacha siku ya pili.

Pampu iwake saa ngapi kwa siku? LUKU inakwisha.

Saa 8 zinatosha bwawa safi, 10 au zaidi wakati wa joto. Pampu ya nguvu farasi 1 hula karibu uniti 1 kwa saa, kwa hiyo unaongelea uniti 8 hivi kwa siku. Ukibana hapo, utailipa kwenye dawa. Elekeza midomo ya kurudishia maji upande mmoja na chini kidogo, bwawa zima lizunguke. Kona ambayo maji yake hayatembei ndiyo itakayoanza kuteleza.

Umeme ukikatika siku mbili, usisubiri. Klorini haihitaji pampu ili iue, inahitaji kusambazwa. Yeyusha, mwaga pande zote, sugua kwa brashi ndefu, yatajichanganya.

Filta niisafishe lini?

Tazama mshale wa geji. Andika kwa maka namba ya siku ilipokuwa safi. Ikipanda kwa robo yake, rudisha maji kinyume mpaka kile kioo kidogo kionyeshe maji safi. Kuisafisha kila siku si usafi, mchanga wenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya. Baada ya miaka mitano hadi saba, badilisha mchanga.

Kuna madoa meusi hayatoki, na upande wa kivulini kuna vumbi la njano.

Ni viumbe viwili tofauti. Meusi yamejikita ndani ya plasta na yana ganda juu, dawa haipenyi. Sugua kwa brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu (kwenye plasta tu, kamwe si kwenye faiba au bwawa lililotandikwa plastiki), vunja ganda, ndipo klorini ifanye kazi. Rudia kwa wiki kadhaa.

Ya njano ukiigusa kwa brashi inatimka kama vumbi, kesho imerudi pale pale. Hiyo inavumilia klorini na inasafiri: nguo za kuogelea, maboya ya watoto, wavu, hata brashi yenyewe. Vyote vitumbukize bwawani siku ya dozi kubwa, au vioshwe kwa jiki. Ukisafisha bwawa ukaacha boya la mtoto uani, umejisumbua.

Jakaranda, masika, mbolea ya bustani: kipi kibaya zaidi?

Maua ya jakaranda, kuanzia Septemba hadi Novemba hivi, yanakera kuliko yanavyodhuru, mradi kikapu cha skima (tundu la ukingoni linalovuta taka za juu ya maji) kimwagwe asubuhi na jioni. Yakioza humo yanakula klorini bure. Mbolea inayotiririka kutoka bustanini ni chakula cha mwani, kwa hiyo panga mteremko wa uwanja utoke bwawani.

Masika ndiyo yenye hila. Mvua inazimua klorini na stebilaiza kwa pamoja, inaleta tope na mawingu yanakufanya ufikiri hakuna jua la kuhofia. Baada ya mvua kubwa, pima jioni hiyo hiyo. Ukiona viluwiluwi, usinipigie kuuliza kama klorini ipo.

Najaza kwa maji ya kisima. Na hii floraidi ya Arusha haileti mwani?

Floraidi ni habari ya meno na mifupa kwa anayeyanywa, mwani hauihitaji. Kwenye kisima angalia chuma. Chota ndoo nyeupe ya maji ya kisima, tia klorini kidogo ya unga, subiri nusu saa. Yakigeuka rangi ya chai au kijani angavu, ni madini, na dozi kubwa ya klorini itakuchafulia kuta.

Nyumba yetu ya Moshi hufunguliwa Krismasi tu. Bwawa linatuaibisha kila Desemba.

Mnafika tarehe 22, wageni tarehe 24, mnataka maji ya bluu. Haiwezekani, na fundi anayekuahidi hivyo atatumia shabu na kuondoka. Mwani haukui gizani: nunua turubai zito la rangi ya giza lisilopitisha mwanga, lifungwe imara ili mtoto au mbwa asiteleze chini yake. Mlinzi afundishwe mambo mawili tu, kuwasha pampu na kutia klorini ya unga iliyopimwa kwenye kopo ulilomwekea alama. Akutumie picha ya kipimo kila Jumapili. Halafu kazi ya kulifungua ianze tarehe 10.

Bwawa lililoachwa wazi mwaka mzima linazalisha mbu wa mtaa mzima, na majirani wanajua linatoka wapi.

Dawa nizihifadhije?

Klorini ya unga na vidonge visikutane kamwe, hata kijiko kimoja kisichovywe kote kuwili. Vikichanganyika vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Asidi ikigusana na klorini inatoa gesi inayoua. Daima tia dawa kwenye maji, usimwage maji juu ya dawa. Unga unaouzwa kwa kupimiwa kutoka ndoo iliyoachwa wazi umeshapoteza nguvu, na bei yake nafuu utairudisha kwa kutia mara mbili.

Maji ninayomwaga naweza kumwagilia migomba?

Yaache bila dawa siku kadhaa juani mpaka klorini isome sifuri, kisha mwagilia. Kama ni bwawa la chumvi au lile lililotiwa mrututu, yasiguse shamba, na yasielekezwe mtoni.